Gunia la Mchele Kudhaa: Kaskazini au Kusini?

Gunia la mchele la kilo 25 linaposhushwa ufukweni Kudhaa, limeshakula pesa za watu wengi kabla mwenye duka hajatoa zake. Kuna nauli ya meli kutoka Pakistani au India, kuli wa bandarini, ushuru, petroli ya mashua, na yule aliyelipwa njiani ili chombo kipite. Mama wa nyumba ananunua kilo mbili, na katika kilo mbili hizo analipa sehemu yake ya kila mmoja wao.

Kudhaa ni kisiwa cha Wabajuni, kusini ya Kismayo, kabla hujafika Ras Kamboni na mpaka wa Kenya. Ukielekeza omo kaskazini unapita visiwa vingine vya Wabajuni, Chovai na Koyama, mpaka bandari ya Kismayo. Ukielekeza kusini unafika Kiunga, kisha Kiwayu, Pate na Lamu. Masoko ni mawili, nchi mbili, sarafu tatu, na bahari moja. Wasomaji wengi wakisikia biashara kati ya nchi na nchi hufikiria mawaziri na makontena. Kisiwani swali ni hili: mashua ikiondoka kesho na samaki, irudi na mchele wa wapi?

Nimekaa na swali hili muda mrefu kwa sababu jamaa zetu wamegawanyika pande zote mbili za mpaka, na kila upande unaapa kwamba soko la kwake ndilo rahisi. Wote wana haki, kila mmoja kwa bidhaa yake na kwa msimu wake. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la kulinganisha bei ya dukani Kismayo na bei ya dukani Lamu, kana kwamba mnunuzi anaishi Kismayo au Lamu.

Mpaka wenyewe si wa zamani sana. Mpaka 1925 Kismayo ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Lamu na Mombasa, na kabla ya hapo pwani hii yote ilikuwa ikitajwa kuwa ya Sultani wa Zanzibar. Uingereza ikaitoa Jubaland, Kismayo ikiwa ndani yake, kwa Waitaliano kwa mkataba wa 1924, na mwaka uliofuata bendera ikabadilishwa. Nyumba zenye ndugu Faza, kisiwani Pate, na Koyama zikajikuta katika nchi mbili. Athari yake unaiona jikoni hadi leo: kaskazini tambi zimekuwa chakula cha kila siku kama wali, kusini ni chakula cha Ramadhani na sukari juu yake.

Tuanze na mchele, maana ndio unaokula fedha nyingi za nyumba.

Kenya ni mwanachama wa umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ambao unalinda wakulima wake kwa ushuru mkubwa wa mchele kutoka nje. Kiwango cha pamoja ni asilimia 75. Kenya imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35. Sukari kiwango chake ni asilimia 100. Kismayo kwa upande wake haina mkulima wa mpunga wa kulindwa, na ushuru wa huko ni mdogo kuliko huo kwa mbali. Kwa hiyo mchele wa Asia, sukari ya Brazili inayopitia Ghuba, tambi na maziwa ya unga vikitoka melini Kismayo huanza na bei ya chini. Mchele huohuo ukishuka Mombasa unalipiwa forodha, unapakiwa lori kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, unashushwa, unavushwa kwa boti hadi Lamu, unapakiwa tena kwenda Kiunga. Kila mkono unaougusa unadai chake. Hapo Kismayo inashinda bila ubishi, na ndiyo sababu kwa miaka mingi sukari imekuwa ikivushwa kwa magendo kutoka Kismayo kuingia Kenya.

Lakini Kudhaa si Kismayo. Weka petroli katika hesabu.

Nitatoa mfano, na namba zake ni za kufanyia hesabu tu, kila nahodha aweke zake. Tuseme mashua yenye injini inakula lita 100 kwenda Kismayo na kurudi, na lita 60 kwenda Kiunga na kurudi. Tuseme lita ni dola 1.20 pande zote. Safari ya kaskazini ni dola 120, ya kusini ni dola 72. Ukipakia magunia 20, kila gunia la Kismayo limebeba dola 6 za petroli, na la Kiunga limebeba dola 3 na senti 60. Tofauti ni dola 2 na senti 40. Kwa hiyo gunia la Kismayo likiwa rahisi kwa dola 5, nenda Kismayo, utabaki na faida. Sasa pakia magunia 10 tu, kwa sababu mtaji umepungua au bahari imechafuka. Petroli ya kila gunia inaruka hadi dola 12 kwa upande wa Kismayo na dola 7 na senti 20 kwa upande wa Kiunga. Tofauti sasa ni dola 4 na senti 80, na ile nafuu ya dola 5 imebaki senti 20. Magunia ni yaleyale na bei za dukani ni zilezile, ila mzigo umepungua nusu na faida yote imemwagwa ndani ya tangi.

Ndiyo maana mwenye duka mdogo anayeagiza magunia mawili peke yake hawezi kufuata ushauri wa mwenye duka mkubwa. Wenye maduka watatu wakichanga mzigo mmoja, Kismayo inakuwa karibu. Kila mtu akiagiza kivyake, Kismayo inakuwa mbali hata kama bei yake ni ya chini.

Kuhusu petroli yenyewe: upande wa Kenya kuna mamlaka, EPRA, inayotangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14 ya mwezi, mji kwa mji. Unajua unacholipa, ingawa kodi ya VAT kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023 na mvuvi wa Lamu aliihisi mara moja. Ukisogea mbali na kituo cha mafuta, ukanunua kwa dumu Kiunga, ile bei iliyotangazwa haikulindi tena. Upande wa Kismayo mafuta ni ya mapipa, bei ni ya mwenye pipa, na usafi wake pia ni wa mwenye pipa. Petroli yenye maji ikikuzimia injini katikati ya njia wakati wa kusi, hakuna nafuu ya bei itakayokurudishia siku hiyo. Uchafu uchuje kwa kitambaa, na maji uyatafute chini ya dumu kabla hujalipa.

Wazee wetu hawakuwa na lita za kuhesabu, walikuwa na upepo, na upepo bado unahesabika. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, kutoka kaskazini-mashariki. Kusi inavuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na Mei hadi Julai bahari ya huku haina huruma. Mtu akisikia hivyo hudhani wakati wa kaskazi ndio wa kwenda Lamu, kwa sababu upepo uko nyuma yako. Ni kweli ukiwa na tanga na ukiwa na mzigo wa kuuza. Kwa mnunuzi hesabu inageuka: kinachomhusu ni njia ya kurudi, chombo kikiwa kizito. Mchele uliopakiwa Kismayo wakati wa kaskazi unashuka na upepo hadi Kudhaa. Mchele uliopakiwa Kiunga wakati wa kusi unapanda na upepo hadi Kudhaa, kwa yule anayethubutu kutoka. Hata mwenye injini anaona tofauti hiyo kwenye dumu, maana mashua iliyojaa ikisukuma dhidi ya wimbi inakunywa kwa kiu. Kwa hiyo swali la kaskazini au kusini lina majibu mawili kwa mwaka, na duka lenye busara linajaza ghala la mchele na sukari kabla ya Aprili.

Kuna bei nyingine inayotengenezwa mbali sana, na mtu wa Kudhaa anaipokea bila kuambiwa sababu. Tarehe 20 Julai 2023 India ilipiga marufuku kusafirisha nje mchele mweupe usio basmati, na haikuondoa marufuku hayo hadi Septemba 2024. Mwaka 2022, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei 23, Indonesia ilizuia mafuta ya mawese yasitoke, na mafuta ya kupikia ya sehemu hii ya dunia yanatoka huko na Malaysia. Mwenye duka wa kisiwani katika miezi hiyo alionekana mwizi machoni mwa jirani zake. Ninasema haya ili mama anayebishana bei ajue kwamba wakati mwingine mwenye duka hana cha kupunguza, na wakati mwingine anacho: bei ikishapanda kwa sababu ya India, itazame kama inashuka India ikifungua. Hapo ndipo pa kubishana.

Si kila kitu ni cha kaskazini. Unga wa mahindi, sabuni, viberiti, majani ya chai, mabati, madaftari ya watoto, vyote hivi vinatengenezwa Kenya au vimezoeleka huko, na vina njia fupi zaidi kupitia Lamu. Chai ya Kenya iliyozunguka kupitia Kismayo imelipa safari ya bure. Dawa nazo ningenunua kusini hata kama bei ni ya juu, kwa sababu duka la dawa lenye leseni linaweza kuulizwa swali na linaweza kurudiwa. Vipuri vya injini vinategemea injini yako ilinunuliwa wapi. Usinunue pampu ya bei rahisi kaskazini kama fundi wako yuko Faza.

Sasa nije kwenye jambo linalosahaulika kabisa watu wanapolinganisha bei: mashua haiendi tupu. Inakwenda na samaki, na mahali pa kuuza samaki ndipo panapoamua pa kununua mchele. Nusu ya petroli ile ya mfano wangu ni ya kwenda, na ikiwa kuna samaki ndani, samaki ndio wanaoilipa.

Samaki wa kawaida, changu na tewa na wengine, wanahitaji barafu, na barafu inayeyuka kila saa unayokaa njiani. Kwa hao, soko la karibu ndilo soko. Nguru na papa waliokaushwa, ng'onda, hawana haraka hiyo. Gharama yao ni chumvi, jua na siku, na wanaweza kusubiri upepo na bei nzuri. Ng'onda wa pwani hii wamekuwa wakishuka Mombasa na Zanzibar tangu enzi za majahazi. Kwa nyumba isiyo na sanduku la barafu, ninaona ng'onda ni chaguo bora kuliko watu wanavyolipa heshima siku hizi. Unauza kilo chache kwa sababu maji yametoka, lakini huuzi kwa hofu.

Halafu kuna kamba. Huku kwetu kamba ni yule mkubwa wa kwenye miamba. Mdogo tunamwita duvi. Kamba aliye hai na kamba aliyekufa ni bidhaa mbili tofauti, na kati yao kuna pengo ambalo hakuna gunia la mchele litakaloliziba. Lamu ina hoteli na ina wanunuzi wa kupeleka Mombasa. Kismayo ina njia ya kwenda Ghuba. Hapa ningetazama jambo moja tu: wapi watapimwa wakiwa bado wanapiga mkia.

Lakini wavuvi wengi hawachagui soko, kwa sababu soko limewachagua. Ninamzungumzia tajiri, yule anayetoa wavu, injini au pesa za kuanzia, na anayechukua samaki wote kwa bei yake. Simlaumu, bila yeye vyombo vingi visingetoka, na benki haijawahi kukanyaga ufukwe huu. Ila bei ya mkopo wake ihesabiwe kama bei nyingine yoyote. Mfano tena: amekupa wavu wa dola 100, na ananunua kilo moja kwa senti 50 chini ya soko. Ukimpelekea kilo 40 kwa wiki, umemlipa dola 20 kila wiki kwa kupunjwa tu. Wiki ya tano umeshalipa thamani ya wavu, na deni la dola 100 bado limesimama palepale. Mtu anayetafuta mchele rahisi kwa senti thelathini na huku anapoteza senti hamsini kwa kila kilo ya samaki anatafuta hela mahali padogo. Nenda kwa tajiri, kwa heshima zote, umuulize: "Mzee, nikikulipa pesa taslimu kidogo kidogo, samaki wangu utawanunua kwa bei ya soko?" Jibu lake lina thamani kuliko orodha nzima ya bei za Kismayo.

Sarafu nazo zina gharama yake. Shilingi ya Somalia imebaki na noti ya elfu moja, ambayo thamani yake ni senti chache za dola, na Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba karibu asilimia 98 ya noti zilizoko mikononi mwa watu ni za bandia, zilizochapwa tangu serikali ilipoanguka 1991. Watu wanazitumia hivyohivyo kwa chenji. Manunuzi halisi ni kwa dola, na dola yenyewe iko ndani ya simu: kampuni ya simu ya Hormuud ilianzisha huduma ya EVC Plus mwaka 2011, na mtu kumtumia mtu hakatwi ada. Faida yake kubwa kwa maskini ni kwamba unaweza kulipa senti 30 kamili. Kwenye noti za karatasi, dola moja ndiyo ndogo kuliko zote, na bei zinapandishwa hadi zikae sawa na noti. Kusini ni shilingi ya Kenya na M-Pesa, ambayo ina ada: kutuma shilingi 10,000 ni shilingi 90, na kuzitoa kwa wakala ni 115, kwa viwango vilivyoanza 2023. Peke yake si pesa nyingi. Lakini mtu anayeuza kamba Lamu kwa shilingi, akabadilisha kuwa dola, akanunua mchele Kismayo, anakatwa mara tatu. Aliyeuza kwa shilingi na anunue kwa shilingi. Aliyeuza kwa dola anunue kwa dola. Kwa nyumba zinazopokea fedha za jamaa kutoka Uingereza au Ghuba kupitia hawala, dola inafika upande wa kaskazini tayari, na hiyo ni sababu nyingine ya mchele wao kutoka huko. Njia hiyo nayo inaweza kuzibwa: Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha kampuni 13 za hawala, na hazikufunguliwa hadi Juni.

Nimeliacha jambo zito mpaka sasa. Njia ya kusini, ile iliyo fupi, kisheria haijawa wazi tangu Kenya ilipofunga mpaka wake na Somalia 2011. Tarehe 15 Mei 2023 serikali mbili zilitangaza Nairobi kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu: Mandera ndani ya siku 30, Liboi ndani ya siku 60, na Kiunga na Ras Kamboni ndani ya siku 90. Mwezi Julai, baada ya mashambulizi upande wa Kenya, mpango ukaahirishwa. Wakati huohuo, Somalia iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikatia saini mkataba Desemba 15, 2023, na kuwa mwanachama kamili Machi 4, 2024.

Tazama maana yake kwa mashua yetu. Kwa kanuni za Jumuiya, bidhaa iliyotoka katika nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi, cheti kinachotolewa palepale mpakani. Samaki aliyevuliwa na mvuvi wa Kudhaa kwa chombo chake mwenyewe ni wa Jumuiya tangu mkia hadi kichwa. Mchele wa Pakistani uliopitia Kismayo si wa Jumuiya, na ukivushwa kwenda Kiunga unadaiwa ushuru wote. Kwa hiyo karatasi inamruhusu mvuvi kuuza kusini kihalali na kununua unga wa Kenya kihalali. Anachokosa ni meza ya afisa wa forodha, Ras Kamboni upande mmoja na Kiunga upande wa pili.

Mimi ninaamini kituo cha Kiunga kingestahili kufunguliwa kwanza na si mwisho, hata kama ni kwa mashua ndogo tu, kwa siku maalumu, zikikaguliwa moja moja. Ninajua hoja ya usalama, na siipuuzi. Kudhaa yenyewe ilipiganiwa kwa bunduki mwaka 2014, na watu wa Lamu Mashariki wamezika wengi. Lakini kufunga njia hakujawahi kumzuia mkubwa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia Februari 2012, na bado mkaa ukaendelea kutoka Kismayo kwa meli nzima nzima, na sukari ikaingia. Aliyezuiwa ni mwenye sanduku moja la kamba. Na asiyekuwa na njia ya halali analipa njia isiyo ya halali, na malipo hayo hayaandikwi popote isipokuwa kwenye bei ya kilo ya mchele.

Basi mtu akiniuliza leo, na dola 200 mkononi, tukiwa Januari na kaskazi imetulia, nitamwambia atafute wenzake wawili, wapakie samaki na ng'onda, waende Kismayo, wauze kwa dola za simu, warudi na mchele, sukari, mafuta na tambi za kutosha hadi baada ya kusi. Chai, sabuni na dawa visubiri chombo kitakachotoka kusini. Kamba wabaki hai ndani ya tenga majini mpaka ijulikane nani anapokea wiki hii. Na kabla ya kung'oa nanga, amuulize nahodha mambo matatu: tunarudi na magunia mangapi, petroli ni ya pipa la nani, na njiani kuna nani wa kulipwa.